Sura ya Sita: Laini Zisizokatika

Usiku kucha hakuna aliyeruhusiwa kuigusa seva. Hiyo ilikuwa amri ya Inspekta Zamda Athumani, na Aminieli Sumari, mwenye kampuni, aliipokea kama mtu aliyeambiwa alaze maiti sebuleni kwake.

"Afande, wewe hujui biashara," alisema asubuhi, akizunguka ndani ya chumba kidogo cha nyuma ya ofisi yake, kata ya Engutoto. "Wazungu wanaamka saa hizi. Wanataka kupanda Mlima Meru. Wanafungua tovuti ya Sumari Safaris, wanakuta giza. Unadhani watasubiri? Wanahamia kwa jirani! Siku hizi soko huria, mama, mteja hana rafiki. Vijana wangu wangeiwasha upya jana ileile, sasa hivi tungekuwa kazini."

"Wamekuwa wakiiwasha upya kila inapokufa?"

"Kila inapokufa."

"Basi kila inapokufa mnaosha sakafu yenye damu," Zamda alisema, "halafu mnaniita nitafute nyayo."

Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Kituoni walimpa jalada hili kwa sababu moja tu: kabla ya kuvaa sare alikuwa opereta wa simu, enzi zile simu ya mbali iliombwa kwa adabu na kuunganishwa kwa mkono, waya kwa waya. Shirika la simu lilipogawanywa na ule ubao wa kuunganishia simu ukang'olewa, wenzake walirudi makwao na viinua mgongo. Yeye akaingia polisi. Wakubwa zake waliona seva na simu ni mtu na binamu yake, wakamtupia jalada mezani. Hawakukosea sana.

Jalada lenyewe lilikuwa jembamba. Mtuhumiwa aliitwa Lucky Lesikar, fundi wa kompyuta, Mwarusha wa Olkokola. Mwezi uliopita aliacha kazi kwa Sumari akaenda kwa kampuni shindani, na wiki ileile seva ikaanza kufa. Mtaalamu wa intaneti aliitwa. Akatazama, akasema laini zote zinazoikaba seva zinatoka anwani moja, nayo ni ya kafe ya intaneti iliyoko Sombetini. Lucky alikuwa akionekana kwenye kafe hiyo kila jioni. Wakamkamata. Alipohojiwa alisema, "Sikuharibu," kisha akafunga mdomo kama mlango wa chuma.

Kesho asubuhi jalada lingekwenda kwa mwendesha mashtaka: kuharibu mali kwa makusudi. Na kijana asiye na mdhamini mwenye nyumba mjini, akishapandishwa kizimbani hurudishwa mahabusu, na huko anaweza kukaa mpaka waliomweka wasahau walimweka kwa nini. Zamda alilijua hilo. Alikuwa na siku moja.

Aliketi mbele ya kioo cha kompyuta, akaandika amri aliyojifunza kwenye kitabu cha kuazima. Kioo kikajaa mistari myeupe kwenye giza. Kila mstari ulikuwa laini moja kati ya seva na mtu fulani mahali fulani duniani: anwani ya hapa, anwani ya kule, na mwishoni neno la Kiingereza lenye kueleza laini hiyo iko katika hali gani. Inaongea. Inakatwa. Imekatwa.

"Njoo uone, mzee Sumari. Mashine yako ina nafasi chache, na zote zimekaliwa. Soma neno la mwisho. Ni lilelile, toka juu hadi chini."

Aminieli aliinama, miwani ikimteleza puani. "Maana yake nini?"

"Maana yake upande wa pili umeshaaga."

"Sasa kama umeaga, mbona bado upo?"

"Nilipokuwa ubaoni," Zamda alisema, "wateja wawili wakimaliza maongezi, wanaweka mikono ya simu chini, na kwangu inawaka taa. Kazi yangu ni kuchomoa waya. Nisipochomoa, wao hawana habari, wameshakwenda zao kula. Lakini waya upo, na tundu limekaliwa. Opereta akisinzia zamu nzima, ubao unajaa nyaya za watu ambao hawapo. Anayepiga baada ya hapo hapati nafasi."

"Ndiyo hivyo! Lucky anajaza ubao!"

"Ngoja kwanza. Ile kafe ya Sombetini hufungwa magharibi, na mwenyewe huzima umeme kwenye swichi kubwa. Nimemuuliza. Kompyuta zake zimelala bila moto usiku kucha. Na hizi laini zimelala hapa kwako, haijapungua hata moja. Mtu anayekushambulia lazima ashike upande wake, mzee. Hawa wameachia tangu jana. Anayeng'ang'ania ni seva yako. Jambo jingine: jana ilipokufa, Lucky alikuwa selo kwetu."

Aminieli alivua miwani, akaifuta kwa tai. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyeokota alichopoteza.

"Na hiyo programu ya seva, afande, aliiandika nani? Si Lucky? Basi kaiandika hivyo ili ing'ang'anie. Asante. Umemfunga mwenyewe kwa kamba yako."

Zamda alinakili mistari yote, akaichapa kwenye karatasi, akaweka saini na kumtaka Aminieli naye aweke. Ndipo akamruhusu kuiwasha upya seva.

"Ukae hapahapa na simu yako ya mkononi," alimwambia. "Mimi naenda Sombetini. Nikikupigia, andika amri hii, unisomee kinachotokea. Usiguse kingine."

"Mimi tena niwe karani wako?"

"Wewe ni mlalamikaji. Unataka kujua au hutaki?"

*

Kafe ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya bucha na fundi baiskeli, kompyuta chache zimepangwa ukutani, kila moja na pazia lake la kitenge. Mwenyewe, Salha, mwanamke wa makamo aliyejifunga mtandio wa kijani, alimpokea mlangoni kwa mikono kiunoni.

"Polisi tena? Juzi mmenibebea mteja, leo mnabeba kompyuta?"

"Assalaam aleykum, dada Salha."

Salha alilegea kidogo. "Waaleykum salaam. Karibu. Lakini nakwambia mapema, Lucky si mtu wa fujo. Akija hapa anatengeneza mashine zangu, anakunywa chai, anaondoka. Kama kunywa chai ni kosa, nifungeni na mimi niliyeichemsha."

"Sijaja kumfunga mtu. Nataka kufungua tovuti."

Zamda aliketi kwenye kompyuta ya kwanza, simu ameibana kati ya sikio na bega. Akafungua ukurasa wa mbele wa Sumari Safaris, ukaja, akaufunga.

"Soma, mzee Sumari."

"Imekuja laini moja... inaongea... Imekatika."

Akafungua ukurasa wa bei, akafunga. "Soma."

"Imekatika."

Ukurasa wa njia za kupandia mlima. Imekatika. Ukurasa wa hali ya hewa. Imekatika. Aliendelea hivyo, bila haraka, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta tofali lililolegea. Akafika kwa waongozaji wa mlima. Kila mwongozaji alikuwa na ukurasa wake: uso, kisha jina chini yake, basi. Alifungua mmoja baada ya mwingine, akafunga, na kila mara Aminieli, aliyekwisha kuchoka, alisema imekatika, imekatika, imekatika.

Akabaki wa mwisho.

Picha ilianza kuja toka juu, polepole. Kofia ya sufu. Paji la uso. Macho yaliyobanwa kidogo, ya mtu aliyelitazama jua likichomoza mbele yake. Kisha mdomo, ukitaka kucheka na kujizuia. Alikuwa kijana. Chini ya picha, mahali ambapo wengine walikuwa na jina, palikuwa patupu. Na ile alama ndogo kwenye pembe ya kioo iliendelea kuzunguka, ikizunguka, kana kwamba kuna kitu bado kiko njiani.

"Huyo ndiye anayegoma," Salha alisema nyuma yake. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Huwa hamalizi. Nabonyeza arudie, nabonyeza tena, nahamia mashine nyingine. Nilidhani kompyuta zangu ndizo mbovu."

Zamda alifunga dirisha. "Soma, mzee."

"Ipo."

"Imeandika nini mwishoni?"

"Lile neno. Lile la kuaga."

Akaufungua tena, akaufunga. "Na sasa?"

"Zimekuwa mbili, afande. Hazitoki."

Zamda aliegemea kiti. Sasa aliiona yote. Programu ilileta picha, kisha ikaenda kutafuta jina kwenye hifadhi ya wafanyakazi, na baada ya jina ndipo ilipofundishwa kuaga. Kwa wengine wote ilipata jina, ikaaga. Kwa huyu haikupata, na hakuna aliyekuwa ameifundisha la kufanya jina lisipokuwepo. Ikabaki inasubiri. Mtazamaji akafunga dirisha akaenda zake, yenyewe bado inasubiri. Na kila Salha alipobonyeza arudie, alikuwa anachomeka waya mwingine kwenye ubao usio na opereta.

"Mzee Sumari, huyu wa mwisho kwenye waongozaji ni nani?"

"Wa mwisho? Nani, yule wa kofia?" Aminieli alikohoa. "Bado yupo? Huyo ni marehemu! Aliteleza kule juu ukingoni, kwenye barafu, akimshika mgeni asianguke. Mgeni akapona. Nilimwagiza Lucky amtoe tangu msiba. Mtalii gani atataka kupanda mlima na maiti?"

"Vizuri. Usiguse chochote, nakuja."

"Afande, mengine sijui, lakini kufuta najua."

"Mzee Sumari! Huo ni ushahidi!"

Ilisikika milio ya kibodi, mizito, ya kidole kimoja.

"Nimefuta," Aminieli alisema. "Ukurasa na picha yake. Nimewasha upya. Aa! Biashara inapumua. Na sasa nimemwelewa yule mtoto. Nilimwambia afute vyote, yeye akafuta jina peke yake ili mashine igande. Alinitegea mtego siku yake ya mwisho kazini. Andika hivyo kwenye jalada lako."

Simu ikakatika.

Zamda alibaki ameishika mkononi. Alikuwa ameupata ugonjwa, na kwa pumzi ileile amempa Aminieli panga la kumkatia mtu. Jina halikujifuta lenyewe. Lucky alilifuta. Mbele ya hakimu, swali lingebaki moja: kwa nini?

Aligeukia kompyuta. Mashine za aina hii huhifadhi nakala ya picha zinazopita. Akachimbua hifadhi, Salha akimwonyesha njia, na kweli, waongozaji wote walikuwemo, uso baada ya uso, kamili. Wa kofia hakuwemo. Ukurasa wake haukuwahi kumalizika kuja, kwa hiyo kompyuta haikuwahi kuuhifadhi. Wakajaribu ya pili, na ya tatu. Hakuwemo.

"Dada Salha," alisema. "Nani huja kumtazama?"

Salha alitazama nje, kwenye vumbi la mchana.

"Huyo anakuja," alisema. "Ewe Mola, nimwambie nini?"

*

Mwanamke aliyeingia alikuwa na kichwa kilichonyolewa na shuka la bluu iliyokolea, mkononi dumu tupu la maziwa. Alipowaona wawili pale alisita, akaitambua sare.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Karibu ukae."

Alikaa kwenye kiti kilekile, mbele ya kompyuta ileile, kama mtu anayekaa kwenye benchi lake kanisani. "Mama Salha, nifungulie kidogo tu. Leo maziwa yameisha mapema."

"Silantoi, mwanangu..." Salha aliinama, akabonyeza. Kioo kikaandika maneno machache meusi.

Silantoi hakujua kusoma. Alisubiri kofia ishuke toka juu. Alisubiri kwa muda mrefu.

"Umeme?" aliuliza.

"Umeme upo."

"Basi amekwenda wapi?"

Zamda alivuta kiti akakaa karibu naye, magoti yao yakikaribia kugusana.

"Yule kwenye picha alikuwa nani wako?"

"Mume wangu."

"Aliitwa nani?"

Silantoi alitikisa kichwa.

"Kwetu kijana akiondoka, jina lake linaondoka naye," alisema. "Halitajwi nyumbani, halitajwi njiani. Mchungaji anatukataza mambo hayo, lakini mama mkwe wangu hamwogopi mchungaji."

"Na uso?"

"Uso haukukatazwa. Wazee wa zamani hawakujua mambo ya picha." Alizungusha kifuniko cha dumu. "Sina picha yake, afande. Hatukupiga za arusi. Kitambulisho alikuwa nacho mfukoni kule juu, kikaoza kwa maji. Nikasikia yuko huku kwenye kioo. Mara ya kwanza nilipokuja, mama Salha akalisoma jina kwa sauti, kafe nzima ikasikia. Nikakimbia."

"Sikujua, wallahi," Salha alisema. "Mimi nilidhani namsaidia."

"Nikawa nakaa nje, nataka kuingia, naogopa litasomwa tena. Lucky akanikuta. Ni wa ukoo wetu, alitahiriwa pamoja na mume wangu. Nikamwambia: wewe ndiye unayekitunza hicho kioo, toa jina, uniachie uso. Akasema bosi ameagiza vyote vitolewe. Nikalia. Akasema, basi, nitatoa jina peke yake, bosi hatajua, yeye hafungui kurasa za waongozaji."

Zamda alifumba macho kidogo, akayafumbua. Hapo ndipo kosa lilipokuwa, lote, na hakuna kitabu cha kompyuta duniani ambacho kingemwonyesha. Fundi mzuri hafuti jina akaacha nafasi tupu. Anaondoa mtu mzima, picha na jina, au anaacha vyote. Lucky alikuwa fundi mzuri. Lakini siku ile alifuta kama Mwarusha.

"Kwa nini hakutuambia?"

"Nilimwomba asiseme. Mama mkwe akijua nakuja kumtazama, nitaambiwa nimeng'ang'ania aliyekwenda. Nitafukuzwa nyumbani." Akainua uso. "Lucky yuko wapi, afande? Siku hizi simwoni."

*

Kituoni walimtoa Lucky selo akiwa pekupeku, bila mkanda, ameshika suruali isimvuke. Alikuwa mrefu, na siku chache zile zilikuwa zimemkata mashavu. Alipomwona Silantoi kwenye benchi la ofisi ya Zamda, alisimama ghafla, akasema jambo kwa Kimaa, la ukali.

"Kiswahili hapa," Zamda alisema.

"Nimemuuliza nani amemleta. Afande, huyu hahusiki. Andika nilifuta mimi, iishe."

"Ulifuta kwa nini?"

"Basi tu."

"Basi tu, mbele ya hakimu, ndiyo makusudi yenyewe. Unajua utalala wapi kesho?"

"Mimi nitatoka siku moja," Lucky alisema. "Yeye akifukuzwa kule atakwenda wapi?"

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Aminieli Sumari aliingia amevaa koti lake la mikutano, amechangamka, harufu ya manukato mbele yake.

"Tovuti haijafa tena, afande! Tangu mchana! Naona mtego umeteguka, na mtegaji ndiye huyo. Haya, nisaini wapi?"

"Kaa, mzee Sumari. Ile picha ilipigwa na kamera gani?"

"Kamera ya ofisi. Picha yake ilishafutwa humo siku nyingi, tunapigia wengine. Kwa nini?"

Silantoi alisikia. Hakusogea, isipokuwa kidole kimoja kwenye kifuniko cha dumu kilichoacha kuzunguka.

Zamda akavuta karatasi ya maelezo, akamweleza Aminieli kwa kifupi: programu ikisubiri jina, mjane na maombi yake, fundi aliyeyakubali. Aminieli alisikiliza akitikisa mguu.

"Hadithi nzuri," alisema. "Mjane! Afande, nani kamleta mjane huyu, kampuni aliyohamia Lucky? Mimi sikuwahi kumwona. Mjini hapa utamkodi hata mtu wa kukulilia msibani. Kama yule alikuwa mume wake, amtaje."

"Wewe mzee!" Lucky alipiga hatua, suruali ikataka kumponyoka. Askari wa mlangoni akamshika bega.

"Sijakutukana. Nimesema amtaje. Jina la mume linamshinda nani?"

Zamda aliweka kalamu kwenye karatasi. Alitaka kumfukuza yule mtu chumbani. Lakini mstari uliokuwa mbele yake ulikuwa mtupu, na ulihitaji jambo lilelile.

"Silantoi," alisema taratibu. "Nimeandika hivi: nilimwomba Lucky Lesikar afute jina la mume wangu. Maelezo haya lazima yaonyeshe ni nani. Naweza kutafuta jina kwa wengine nikaliandika. Lakini nitakusomea kwa sauti, na wewe lazima ukubali au ukatae. Na mwendesha mashtaka atakuuliza tena. Maelezo yasiyo na jina atayatupa."

"Na akiyatupa?"

"Lucky atakwenda mahakamani."

"Usiseme," Lucky alisema. "Silantoi, usiseme. Afande, kwetu kumtaja ni kumwita. Mtu aliyelala haitwi. Mwacheni."

Silantoi aliweka dumu sakafuni. Alisimama, akajifunga shuka vizuri, akaliweka sawa begani, kama mwanamke anayetaka kutoka kwenda mbele za watu. Hakumtazama Aminieli. Hakumtazama Lucky. Alielekeza uso mlangoni, uliokuwa wazi, na nje yake ua wa kituo, na nje ya ua barabara.

"Lengai," alisema.

Kisha kwa sauti kubwa, sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde:

"Lengai! Lengai Loishiye!"

Askari wa mlangoni, ambaye naye ni Mwarusha wa magharibi ya mlima, alivua kofia. Lucky aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika bila sauti. Kule uani mtu aliyekuwa anafagia aliacha kufagia.

"Ndiye mume wangu," Silantoi alisema, sasa kwa sauti ya kawaida. "Mimi ndiye niliyemwomba Lucky atoe jina lake. Andika, afande. Niambie niweke wapi dole."

Zamda aliandika. Alimsomea yote, Silantoi akakubali, akaweka dole gumba. Wino mweusi ulimbaki kidoleni, naye hakuufuta.

Aminieli alikuwa ametazama sakafu muda wote huo. Aliposimama, koti la mikutano lilionekana kubwa kwake.

"Alimshika mgeni asianguke," alisema, si kwa mtu yeyote. Kisha: "Sina malalamiko, afande. Nifutie shitaka."

"Hatufuti," Zamda alisema. "Tunaandika kwamba umeondoa. Saini hapa."

Alisaini, akatoka, na harufu ya manukato ikabaki baada yake.

"Mletee Lucky viatu vyake," Zamda alimwambia askari. Lucky akamfuata askari akiwa ameshika suruali.

Silantoi alikuwa bado amesimama palepale, uso mlangoni. Jua lilikuwa limeanza kupungua nguvu uani. Walipita watu wawili, watatu, kila mmoja na shida yake ya polisi, na kila mmoja alimtazama mpaka akapita.

"Silantoi," Zamda alisema. "Tumemaliza. Unaweza kwenda."

"Nimemwita, afande. Wote mmesikia."

"Tumesikia."

Alingoja kidogo tena. Kisha akainama, akachukua dumu lake.

"Hakuja," alisema.